TUPIME NENO: Je, aliyezoea pikipiki ni dereva bora wa motokari?



Katika miji yetu ya Mashariki ya Kongo, tangu Bukavu na Goma hata Butembo na Kisangani, pikipiki zimejaa barabarani kama siafu. Vijana wengi mno hupata riziki yao kwa kubeba watu na mizigo. Huku kwetu huitwa wamotari. Kule Kinshasa watu huwaita wewa. Kazi yao ni ya taabu, kazi ya jua na mvua na vumbi, nayo imelisha familia nyingi na kulipa karo ya watoto wengi. Haifai kuidharau.

Sasa, kijana aliyefanya kazi hiyo miaka mitatu ama minne huanza kutamani kupanda cheo. Ataka kuacha magurudumu mawili, ashike usukani wa taksi ama wa basi dogo. Wazazi wake humtafutia mwenye gari. Mwenye gari huuliza: «Umekwisha kuendesha?» Kijana hujibu: «Nimeendesha pikipiki miaka minne, wala sijaanguka.» Mara nyingi jibu hilo hutosha. Siku chache baadaye hupewa ufunguo, na watu kumi na wanne huketi nyuma yake, kati yao mama mwenye mtoto mgongoni.

Je, jibu lile lilitosha kweli? Wako wanaosema: aliyeishinda pikipiki hashindwi na motokari, kwani pikipiki ni shule ngumu kupita zote. Wako na wengine wanaosema: mmotari ni mmotari tu, hata ukimpa gari ataliingiza palipo na nafasi ya mbuzi. Maneno yote mawili twayasikia kila siku. Tuyapime moja moja, maana deni la kosa hapa hulipwa na abiria, na watoto watokao shuleni wakitembea kando ya barabara.

1. Ndugu wa tumbo moja

Pikipiki na motokari zilizaliwa karibu siku moja. Mwaka 1885, kule Cannstatt katika Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitia mashine ya petroli katika kiunzi cha mti chenye magurudumu mawili, pamoja na mengine mawili madogo ya kukiegemeza. Shabaha yao ilikuwa kuijaribu mashine yenyewe. Mnamo Januari 1886, Mjerumani mwingine, Karl Benz, aliandikisha serikalini gari lake la magurudumu matatu, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa motokari ya kwanza. Basi, hizo mbili ni ndugu. Lakini sisi sote twajua ya kuwa ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na tabia mbalimbali.

2. Pikipiki hufundisha mengi

Tuanze na wale wanaoisifu pikipiki, kwani katika mambo mengi wana haki.

Kwanza, pikipiki humfundisha mtu kuisoma njia. Aketiye katika motokari hupita juu ya mchanga, juu ya mafuta yaliyomwagika, juu ya changarawe, asijue hata kidogo. Magurudumu manne humsamehe. Mwenye pikipiki hasamehewi: magurudumu yake mawili yakiteleza, huanguka saa ile ile. Kwa hiyo macho yake hujizoeza kutazama mbali, kupambanua lami kavu na lami yenye maji, shimo na kivuli kinachofanana na shimo. Ajua kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na vumbi na mafuta, ikaifanya barabara kuwa kama sabuni. Mmotari wa Goma ajua jinsi mawe ya volkano, yenye makali kama meno, yakatavyo mipira.

Pili, humfundisha kutazama pande zote. Hana mlango wala kioo kikubwa cha kumkinga. Kwa hiyo, kabla ya kukata kona, mwenye busara hugeuza kichwa na kuangalia nyuma yake. Hayaamini maneno ya kioo kidogo peke yake.

Tatu, humfundisha kukisia kosa la mwenzake. Mmotari wa siku nyingi huliona gurudumu la mbele la gari lililosimama kando likianza kugeuka, naye hupunguza mwendo kabla dereva yule hajaondoka. Hufanya hivyo kwa sababu ajua ya kwamba wengine hawamwoni, na kwamba wakimgonga, ni yeye atakayevunjika. Woga wa namna hiyo ni mwalimu. Mtu akiuchukua na kuuingiza katika motokari, amejiletea mali.

3. Kutazama si kuona

Labda msomaji atauliza: yawezekanaje dereva asiione pikipiki iliyo mbele ya macho yake? Si kipofu, wala si mlevi. Tena baada ya ajali huapa: «Nilitazama, palikuwa patupu!» Mara nyingi hasemi uongo.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard katika Marekani walitangaza jaribio lililojulikana ulimwenguni kote. Waliwaonyesha watu sinema fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaagiza wahesabu pasi. Katikati ya mchezo, mtu aliyevaa vazi la gorila, yule mnyama wa misitu yetu ya Kahuzi, alipita polepole kati ya wachezaji, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Macho yalikuwa wazi, lakini akili ilikuwa inahesabu mpira.

Ndivyo ilivyo penye njia panda. Dereva anayetafuta malori na motokari huona malori na motokari. Pikipiki haimo katika hesabu yake, basi yampita machoni. Tena kitu chembamba huonekana kiko mbali zaidi kuliko kilivyo, na jicho hudhani kitachelewa kufika. Dereva husema moyoni: «Nitapita kwanza.» Kumbe hana nafasi.

Hapo ndipo aliyepanda pikipiki apatapo faida kubwa. Yeye huitafuta. Akili yake ina mahali palipowekwa kwa ajili ya pikipiki, kwa kuwa alikaa mwenyewe mahali pale.

4. Hesabu za wataalamu

Jambo hilo limepimwa. Katika Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, wakiongozwa na Harry Hurt, walifika mahali palipotokea ajali 900 za pikipiki katika Los Angeles, wakasoma na taarifa 3,600 za polisi. Kazi yao ilitangazwa mwaka 1981. Waliona kwamba katika robo tatu za ajali hizo pikipiki iligongana na chombo kingine, na mara nyingi ilikuwa motokari. Katika theluthi mbili za migongano hiyo, mwenye chombo kile kingine ndiye aliyemnyima mmotari haki yake ya kupita kwanza. Waliona tena ya kuwa madereva hao, kwa kawaida, walikuwa watu wasiozoea pikipiki.

Katika Ulaya, miaka ya 1999 na 2000, wengine walichunguza ajali 921 za pikipiki kubwa na ndogo katika Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Hispania. Karibu nusu ya ajali hizo zilitokana hasa na kosa la dereva wa chombo kingine. Na katika makosa hayo, zaidi ya 70 kwa mia yalikuwa ya namna moja tu: hakuiona pikipiki. Lakini madereva waliokuwa na leseni ya pikipiki pamoja na ile ya motokari walikosa hivyo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2006 watafiti wa Kiitalia walizipima hesabu zile tena, wakakuta kwamba mwenye leseni zote mbili hakuwa mkosaji mara nyingi kama mwenye leseni ya motokari peke yake.

Basi, wanaoisifu pikipiki wana mashahidi.

5. Tusikate shauri upesi

Hata hivyo, hesabu zile zataka akili. Tuchukue mfano wa kwaya. Wanakwaya huimba vizuri kuliko watu wengine. Je, ni kwaya iliyowafundisha, ama walichaguliwa kwa kuwa walikuwa na sauti nzuri tangu mwanzo? Labda mambo yote mawili. Ndivyo ilivyo na wenye leseni mbili. Labda pikipiki iliwafungua macho. Labda walikuwa watu wenye macho ya kuona tangu hapo. Tena wale wazembe kabisa, pikipiki iliwaua mapema, wala hawakufika katika usukani wa motokari ili wahesabiwe.

Kuna na neno jingine. Hesabu zile zasema habari za migongano ya gari na pikipiki tu. Hazisemi kwamba dereva huyo ajua kurudisha gari nyuma, ama kushuka mlima na mzigo mzito. Kuliona jambo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitawala mashine.

Katika kitabu kile cha mwaka 1981 limo neno ambalo kila mzazi angelishika. Zaidi ya nusu ya wamotari walioumia walikuwa hawajatimiza miezi mitano juu ya pikipiki ile waliyoanguka nayo, ijapokuwa wote kwa kadiri walikuwa na mazoea ya miaka karibu mitatu barabarani. Fikirini, wasomaji: walitoka katika pikipiki moja kwenda katika pikipiki nyingine, na mazoea yao ya zamani hayakuwatosha. Itakuwaje basi kwa yule atokaye katika pikipiki kwenda katika basi? Wazee walisema kweli: mzoea punda hapandi farasi.

6. Yale ambayo pikipiki haifundishi

Haifundishi upana. Mmotari hujua kupenya. Mwili wake wote umezoea kusema: pakipita magoti yangu, napita. Katika gari lenye upana wa karibu mita mbili, desturi hiyo huleta kifo. Pia gari refu likikata kona, gurudumu la nyuma halifuati njia ya gurudumu la mbele. Hukata ndani zaidi. Mama aliyesimama ukingoni na beseni la mboga huachwa salama na gurudumu la mbele, akakanyagwa na la nyuma.

Haifundishi uzito. Pikipiki na mwenyewe juu yake haizidi sana kilo 200 ama 250. Basi dogo lililojaa watu na magunia lafika tani tatu hivi. Katika mteremko mrefu wa milima ya Kivu, dereva asiyejua kutumia gia ya chini huikanyaga breki tangu juu hata chini. Breki hupata moto, na mwisho hukanyaga patupu.

Haifundishi kurudi nyuma. Pikipiki husukumwa kwa miguu. Motokari hurudi kwa nguvu ya mashine, na nyuma yake, chini ya kioo, mna mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu haonekani kabisa. Tena magari mengi ya kwetu, yaliyotumika kwanza Japani, yana usukani mkono wa kuume, nasi twapita mkono wa kuume wa barabara. Dereva atakaye kulipita lori hawezi kuona mbele kabla hajatoa gari karibu lote katika njia ya wale wanaokuja. Mmotari huchungulia kwa kuinamisha kichwa tu. Desturi hiyo haitamsaidia hapo.

Tena mikono yenyewe hufanya kazi nyingine. Pikipiki ina breki mbili, moja ya mkono na moja ya mguu, nayo hukata kona kwa kulala upande. Motokari hailali. Ikiingia kona kwa mwendo wa kupita kiasi, humtupa abiria nje ya kona, na ikiwa imebeba mizigo juu ya paa, yaweza kupinduka.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: motokari huondoa woga. Upepo haumpigi mtu usoni, mashine yanyamaza, kiti ni laini. Kilometa 60 kwa saa katika gari ni kama 30 juu ya pikipiki. Lakini hesabu haibadiliki. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, juu ya lami kavu na breki nzima, dereva huhitaji karibu mita 13 ili asimame, tukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Kwa 60, huhitaji karibu mita 37. Mwendo umezidi mara mbili, nafasi imekaribia kuzidi mara tatu. Mtoto aliyekimbilia mpira wake katika mita 20 aliokoka kwa 30. Kwa 60 hakuokoka.

7. Mabingwa wawili

Katika historia ya mashindano, John Surtees wa Uingereza ni mtu peke yake aliyepata ubingwa wa ulimwengu juu ya pikipiki na katika motokari pia. Alishinda daraja kubwa la pikipiki za 500 mwaka 1956, 1958, 1959 na 1960. Na mwaka 1964 alipata ubingwa wa Formula 1 katika gari la Ferrari. Wanaoisifu pikipiki humtaja sana. Lakini hata yeye, aliyekuwa wa kwanza ulimwenguni juu ya magurudumu mawili, alishindana miaka minne katika motokari kabla ya kupata ubingwa wake.

Mwenzake Mike Hailwood, Mwingereza pia, alipata ubingwa wa ulimwengu wa pikipiki mara tisa kati ya 1961 na 1967. Alipoingia katika Formula 1 hakushinda hata shindano moja la kuhesabiwa katika ubingwa. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, lakini gari lilitaka mikono mingine.

Lakini mtu huyo alionyesha jambo kubwa zaidi. Mwaka 1973 huko Kyalami, Afrika ya Kusini, gari lake liligongana na lile la Clay Regazzoni, na gari la Regazzoni likawaka moto na mwenyewe ndani. Hailwood aliruka, akaingia motoni ili amfungue. Mavazi yake yakashika moto. Akazimwa, akarudi tena, akamtoa mwenzake mzima. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya George Medal.

Mwaka 1981 Hailwood, aliyekwisha kuponyoka hatari za mashindano, alikuwa katika motokari yake ya kawaida pamoja na watoto wake wawili, akienda kununua chakula. Lori liligeuka barabarani mahali palipokatazwa kugeuka. Binti yake wa miaka 9 alikufa, na Hailwood mwenyewe alikufa siku mbili baadaye. Mwana wake aliokoka. Ustadi wote wa ulimwengu haukuweza kufuta kosa la mtu mwingine. Tukumbuke neno hilo kila tunapotaka kugeuza gari mahali pasipofaa kwa sababu tuna haraka.

8. Yatupasayo

Jibu letu basi ni hili. Pikipiki yaweza kumpa mtu macho bora. Haimpi mikono ya motokari, wala haimpi moyo wa kujali. Macho ayachukue, mikono ajifunze upya, moyo auchunge.

Enyi vijana wamotari, mkipata gari, msione haya kuwa wanafunzi tena. Jifunzeni kwa mwalimu wa kweli, pateni leseni ya chombo kile mtakachoendesha. Majuma ya kwanza endesheni gari tupu, na dereva mzee kando yenu. Jizoezeni kurudi nyuma, kuondoka katika mlima bila kurudi hata shubiri, kushuka kwa gia ya chini. Acheni ile desturi ya kupenya.

Enyi wenye magari, msiulize: «Umeendesha miaka mingapi?» Ulizeni: «Umeendesha nini?» Kisha kaeni kando yake saa nzima, mwone kwa macho yenu. Saa hiyo moja ni bei ndogo.

Enyi wazazi, msiseme upesi «ajali haina kinga». Methali hiyo yatufariji baada ya msiba. Lakini tukiisema kabla ya msiba, tumeifanya kuwa mto wa kulalia.

Na ninyi madereva msiopanda pikipiki kamwe, hamwachwi nje. Mwaka 1990 watafiti wawili walionyesha kwamba hata dereva asiyepanda pikipiki, ikiwa ana ndugu ama rafiki wa karibu anayeipanda, huziona pikipiki vizuri zaidi na huzigonga mara chache. Kwetu ni nani asiye na ndugu mmotari, ama mpwa, ama mtoto wa jirani? Basi, penye njia panda tazameni mara mbili, na mara ya pili mtazame kama anayemngojea mtu wake arudi nyumbani. Jicho huona upesi kile ambacho moyo unakitafuta.